Kijiti cha Pipa Lililolala

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni Alhamisi moja ambayo mtaa mzima wa kwetu Buyenzi ulikula sangala kwa kosa langu. Watu walikula mpaka wakalamba vidole, wakaniombea dua, na mimi nimekaa pembeni naparua magamba huku machozi yananitoka. Usicheke kwanza. Au cheka tu, maana hata mimi siku hizi nikisimulia huwa nacheka kabla sijafika mwisho.

Ulikuwa wakati wa vita, na juu ya vita kulikuwa na embargo. Nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka, mafuta ya gari yanauzwa kwa chupa kando ya njia, na nyaya za umeme zikikatwa huko milimani Bujumbura inakaa gizani wiki nzima. Tukisikia risasi tulikuwa tunaulizana ni mbali au ni karibu, kisha tunaendelea kuchambua maharage. Sikuambii hivi kwa kujisifu. Tuliogopa sana, ila mtu hawezi kuogopa toka asubuhi mpaka jioni, lazima apike pia.

Baba yangu, Fundi Sudi, alikuwa makanika. Miongoni mwa kazi zake alitunza jenereta ya jirani yetu Bi Zaina, mwenye chumba cha baridi cha kuhifadhia samaki. Bi Zaina alikuwa mama mwenye sauti. Akikuita kutoka kwake, unaitika ukiwa msikitini. Samaki wake walikuwa sangala na mukeke wa ziwani, na wakati ule kuwapata kulikuwa bahati, kwa sababu mara nyingi wavuvi walikatazwa kuingia ziwani.

Mimi nilikuwa sekondari, ile sehemu ya sayansi tuliyokuwa tukiiita siyantifiki. Nilipenda hesabu kupita kiasi, na nilikuwa na maringo, Mungu anisamehe. Baba hakuwa na ugomvi na kusoma, alikuwa na hofu ya njia. Shule ilikuwa upande mwingine wa mji. Mwenzangu niliyekuwa nakaa naye dawati moja, mtoto wa mtaa wa Carama, siku moja hakuja, wala hakuja tena, na hakuna aliyejua familia yake imekimbilia wapi. Basi baba akaamua nikae nyumbani, niende kwa shangazi nijifunze kushona. Nikalia siku mbili. Siku ya tatu akaniita gereji.

"Mi siko na neno na shule yako," akasema. "Lakini nionyeshe hiyo hesabu inasaidia nini hapa kwangu. Ikisaidia, utamaliza. Kama apana, tusisumbuane tena, mutoto wangu."

Nikaruka. Nilijua pale pale nitamwonyesha nini. Mazuti, yaani dizeli ya jenereta, yalikuwa kwenye pipa la lita mia mbili ambalo baba alikuwa amelilaza ubavuni juu ya vyuma, likiwa na bomba dogo upande mmoja na tundu juu ya tumbo. Kujua yamebaki kiasi gani, baba alikuwa analigonga kwa spana na kutega sikio, kama daktari. Nikachukua kijiti kirefu kilichonyooka, nikapima kimo cha pipa kutoka tunduni mpaka chini, sentimita hamsini na saba. Nikakigawa kijiti mara nne sawasawa, nikachonga alama kwa kisu: robo, nusu, robo tatu, pipa zima. Unachomeka, unachomoa, unasoma palipolowa. Baba alikigeuzageuza mkononi, akasema tutaona.

Na tukaona, mwanangu! Jenereta ilikuwa inakunywa lita kumi na mbili kwa siku. Siku ya nane ilikuwa imeshakula karibu lita mia, na kijiti kikaonyesha nusu barabara. Baba akatabasamu. Bi Zaina akawaambia wanunuzi wake wote kwamba binti wa Fundi Sudi ana kichwa cha kizungu. Nilitembea kwenye ile njia yetu ya vumbi kama nimevaa viatu vipya.

Kutoka nusu mpaka robo ilitakiwa ichukue siku nne. Ilichukua tano. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi nikafurahi, nikamwambia baba kwamba jenereta imepata adabu, imepunguza kunywa.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi kijiti kilipofika robo. Mazuti mapya yalikuwa yanakuja Ijumaa. Dereva mmoja akapita na bidoni moja ya kuuza, dumu la mazuti, na Bi Zaina akaniuliza mimi, si baba, kama ainunue. Nikakunja mikono kifuani. Robo ya mia mbili ni hamsini, nikamwambia, gawa kwa kumi na mbili, unapata siku nne na zaidi, mwache dereva aende zake. Dereva akaenda zake. Jumatano baba akaniuliza, "Umepima leo?" Nikamjibu kwamba hakuna haja, nimeshapiga hesabu. Jibu hilo likinijia hata leo, usoni napata joto.

Alhamisi saa tatu asubuhi jenereta ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Nilidhani ni uchafu kwenye bomba. Baba akafungua, akapuliza, akatazama ndani ya pipa, kisha akanitazama mimi. Joto la Bujumbura unalijua, na chumba chenyewe kilikuwa cha mabati. Tulizunguka mji kutafuta hata lita tano, hakuna. Kufikia adhuhuri samaki walikuwa wanaanza kulegea.

Bi Zaina alisimama katikati ya ua, mikono kichwani. Nilingoja anipige. Badala yake akapaza ile sauti yake, ikafika mpaka avenyu ya tatu: "Jamani njoni mubebe samaki! Kuleni kabla sijalia!" Watu wakaja na mabeseni, na sufuria, wengine na ndoo. Wenye mkaa wakawasha, wenye mafuta wakaleta. Watoto ambao miezi mingi walikuwa hawajaona kipande cha sangala walikula wakakaa chini, matumbo mbele. Mimi nikapewa kisu na rundo la samaki, niparue mpaka wote waishe. Na kila aliyepita alinipiga begani: "Mariamu, Mungu akuzidishie hizo hesabu!" Walinitania tu, na mimi nilitamani ardhi ipasuke niingie. Si kwa ajili ya samaki peke yake. Baba alikuwa ameshaniambia, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba Jumatatu naanza kwa shangazi.

Katika waliokuja na sahani alikuwamo mwalimu wangu wa hesabu, Mwalimu Bahati, mtu wa Bukavu aliyekimbia vita vya kwao akaja kupanga chumba katikati ya vita vyetu. Alikuwa mwembamba, mcheshi, shati lake moja limepigwa pasi kila siku. Alikaa kwenye kigoda karibu yangu, akala mukeke wake taratibu mpaka akamaliza mifupa, ndipo akaniambia nimletee kijiti. Akakitazama, akalitazama pipa, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Kosa iko wapi, Mwalimu?" nikamuuliza, nusu nalia.

"Kosa? Kijiti hii haina kosa. Ni kijiti muzuri sana, ya pipa yenye kusimama. Hii ya baba yako imelala!"

Mwanangu, nilihisi kama mtu amenimwagia maji. Nilimwelewa hapo hapo. Pipa likisimama, upana wake ni ule ule chini hadi juu. Likilala, chini ni jembamba, katikati ni pana, juu linakuwa jembamba tena. Nusu inabaki nusu, ndiyo maana kijiti kilinidanganya kwa heshima mwanzoni. Lakini robo ya kimo haifiki hata lita arobaini.

Mwalimu akaacha kucheka. "Na ile siku tano?" akaniuliza, maana nilikuwa nimemsimulia. "Pipa ilikuambia ukweli, we ukaenda kusifu jenereta. Halafu Jumatano baba yako anakuuliza umepima, we unajibu umepiga hesabu. Hesabu ni ya kukutuma uende kuangalia, Mariamu. Si ya kukukataza." Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha, isingeniuma vile.

Kisha akanirudishia kijiti. "Pipa iko tupu, mazuti inakuja kesho. Nafasi kama hii utaipata wapi? Kaa chini leo, upige hesabu mbele ya kumimina. Nyuma ya kumimina kila mutu anajua."

Nikanawa mikono ikiwa bado inanuka samaki, nikakaa mlangoni na daftari na jedwali la kosini. Kazi yenyewe si ya ajabu. Chukua duara kama chapati, kata kipande kutoka katikati, toa pembetatu yake, kinachobaki ndicho mazuti yaliyolala chini ya pipa. Nilichagua kimo, nikatafuta lita, zikizidi nashusha, zikipungua napandisha. Kabla ya magharibi nilikuwa nimechora kwa chaki alama mpya upande wa pili wa kijiti, moja kwa kila lita ishirini. Zilikuwa na sura ya kuchekesha. Zimeachana chini, zimebanana katikati, zimeachana tena juu.

Ijumaa asubuhi bidoni zikafika kwa mkokoteni, nane, za lita ishirini kila moja. Baba alitaka kumimina tu, amalize, awahi swala ya Ijumaa. Nikamwomba achomeke kijiti baada ya kila bidoni. Akashusha pumzi, akakubali, nadhani kwa kunihurumia. Bidoni ya kwanza ikaingia. Akachomeka, akachomoa, mazuti yameishia kwenye chaki ya kwanza. Ya pili, kwenye chaki ya pili. Ya tatu, vile vile. Bi Zaina akasogea, na wapita njia wawili watatu wakasimama.

Ya nne ikaingia, na mazuti hayakufika. Yalikuwa chini ya chaki karibu nusu ya upana wa kidole. Nikasema moyoni, Mariamu, umekwisha, kashone. Nikarudia hesabu kichwani, nikairudia tena, haikuwa na kosa. Basi nikafungua mdomo, nikasema kwamba bidoni ile haikuwa imejaa, imepungua kama lita tatu.

Kila mtu akamgeukia mwenye mkokoteni. Alianza kuapa kwa ukali. Halafu akatazama kijiti, akanitazama mimi, akajikuna shingo. "Ilimwagika kidogo njiani," akasema.

Hicho kicheko, mwanangu! Bi Zaina alicheka akashika nguzo. Baba peke yake hakucheka. "Umejuaje," akaniuliza, "na bidoni yenyewe hukuishika?" Nikamwonyesha daftari. Hakuelewa kosini zangu, na wala hakujifanya anaelewa. Alifuta kijiti kwa kitambaa chake cha gereji, pole pole, kama anavyofuta vyombo vyake vya kazi.

"Jumatatu," akasema, nami nikaiona cherehani ya shangazi. "Jumatatu nitakupeleka shule mi mwenyewe."

Akanipeleka kweli, kwa baiskeli, mimi nimekaa nyuma. Alinipeleka kila siku mpaka nikamaliza, na siku ambazo njia ilifungwa alinirudisha na kuniambia nisome nyumbani. Nikaja kufanya kazi ya kupima matangi makubwa ya mafuta kule Zone Industrielle, eneo la viwanda karibu na bandari. Miaka mingi nimepanda ngazi za chuma na utepe wangu wa kupimia, nimekuwa mwanamke peke yangu huko juu, na sijawahi kuandika namba ambayo sikushuka kuithibitisha. Wenzangu wa darasani hawakupima matangi. Mmoja ni mwuguzi, anahesabu matone ya dawa za watoto. Mwingine, aliyekuwa anafeli kila muhula, anajenga nyumba huko Mutanga Nord, na hamwamini fundi anayesema "kwa macho inatosha". Wapo waliosahau kosini zote, lakini ukiwaletea habari ya mtaani, watakuuliza kwanza umejuaje. Wakati ule uvumi ulikuwa unaua watu, kwa hiyo swali hilo halikuwa dogo.

Basi sikiliza, mwanangu unayetaka kuikimbia hesabu kwa sababu imekushinda muhula huu. Usiikimbie. Kaa nayo hata kama unapata alama za aibu, kwa sababu inakufundisha kukosea na kulitafuta kosa lako mwenyewe bila kumsingizia mtu. Ukiambiwa namba, tazama imetoka kwenye pipa la namna gani. Mambo yakikuendea vizuri kuliko ulivyotarajia, jiulize kwa nini, kabla ya kufurahi. Ukiulizwa kama umepima, nenda ukapime, hata kama una hakika. Na ukiwa umekosa, kubali mbele ya waliokula samaki, kisha kaa chini utengeneze.

Mwenyezi Mungu akupe kichwa chepesi na moyo mzito wa subira. Akuwekee mwalimu wa kukucheka bila kukudharau, na mzazi anayekubali kubadili mawazo yake mbele ya watu. Kazi ya mikono yako iwafae wengi, na wewe ikulaze na amani. Amina, mwanangu, lete daftari lako tuone umekwama wapi.