Kuta za Baba Mkwe

Wenzake kwenye ujenzi walimbatiza jina la Timazi, ile kamba yenye kizito ya kupimia kama ukuta umenyooka, kwa kuwa ukuta aliousimamisha yeye hakuna aliyejisumbua kuupima tena. Alikuwa fundi mwashi tangu ndevu hazijamwota. Kisha siku moja jukwaa likakatika, akashuka nalo pamoja na matofali yake, nyonga ikavunjika. Alipona kiasi cha kutembea kwa mkongojo. Kazi ya kupanda juu ikawa ndiyo basi.

Kukaa bure kulimtafuna. Mkewe akifagia chumba alimzunguka vile vile alivyolizunguka kabati. Mwishowe Timazi akajikaza, akaenda kwa mkaza mwana wake, aliyekuwa na karakana ya nyumba za mfano, zile ndogo ambazo wachora ramani huwaonyesha wateja wao kabla msingi haujachimbwa.

"Nifundishe, mwanangu," alimwambia. "Nitaoza pale nyumbani."

Mkaza mwana aliona haya, lakini akamvutia kiti. Akamwonyesha kukata kwa waya wa moto lile povu gumu jeupe linalokuja na televisheni mpya ndani ya boksi. Akamwonyesha kulikwaruza bamba la plastiki kwa kisu, kisha kulivunja kwenye mstari. Lakini vidole vya Timazi vilikuwa vinene kama mipini ya koleo. Akisita kidogo tu, waya unatoboa shimo. Tone la gundi ya plastiki likiangukia povu, ukuta unaliwa huku anautazama. Hata hivyo kila jioni mkaza mwana alisema, "Ahsante, baba, umejitahidi," na Timazi akarudi kumsimulia mkewe habari za shule aliyokuwa akiijenga mezani.

Asubuhi moja alitangulia kufika. Alipokwenda kutupa taka kwenye gunia nyuma ya mlango, akaiona shule yake humo, imebonyea, madirisha yake yaliyopinda yakimtazama. Mezani palikuwa na shule nyingine, imenyooka, tayari kwenda kwa mwenyewe.

Mkaza mwana alimkuta amekaa chini sakafuni, miguu ameinyoosha.

"Baba! Umeanguka?"

"Tangu nianze, kuna ukuta wangu hata mmoja uliotoka mlango huu?"

Mkaza mwana akalitupia jicho gunia.

"Nijibu, mama."

"Hakuna, baba."

"Kwa hiyo nilikuwa nachezeshwa kama mtoto! Namsimulia mke wangu, naye anafurahi!"

Mkaza mwana akaanza kulia. "Ningesemaje? Nimtazame baba wa mume wangu usoni nimwambie ameharibu?"

"Ndiyo! Ungesema hivyo hivyo! Mimi vibarua wangu niliwabomolea ukuta mbele ya macho yao."

Tangu hapo mkaza mwana akawa anamwambia. Alisema kwa sauti ndogo, macho yake kwenye meza: "Haifai, baba." Kipande kinaingia guniani, Timazi anachukua kingine. Haifai, baba. Kuna wakati Timazi alijifungia chooni, akafungua bomba ili asisikike akilia. Aliyaona maisha yamemgeuka adui: majumba mazima yalikuwa yamesimama kwa mikono hii hii, leo kiukuta cha urefu wa kidole kinamshinda. Nyumbani aliacha kusimulia, na mkewe hakuuliza.

Mvua zilianza, zikaisha. Ndipo alipotengeneza kibanda cha mlinzi, kidogo kuliko kiberiti, cha kuwekwa getini kwenye mfano wa kiwanda. Mkaza mwana alikigeuza geuza, akasugua pembe moja kwa msasa, akakibandika mahali pake.

Timazi alisubiri furaha, haikuja. Alichosikia ni uchovu tu, na nyonga ikimuuma.

"Sasa ngazi, baba," alisema mkaza mwana, akimsogezea bamba jipya. "Ziwe na vidato vyembamba."

Kidato cha kwanza kilimvunjikia, kikaingia guniani. Cha pili nacho kikavunjika, akachukua kingine.