Swali la Bibi kwa Askari

Juzi sokoni nilimuuliza kijana mmoja anatoka wapi. Akanijibu, "Stesheni," akaendelea kutafuna muwa. Stesheni! Kana kwamba alizaliwa na garimoshi. Bibi yangu asingempa hata maji.

Enzi za Wajerumani, alasiri moja, askari wa boma la Mpwapwa alikuja kumchukua ng'ombe wetu wa maziwa. Alikuwa keshamfunga kamba shingoni. Ndani ugali na mboga ya mlenda vilinukia na tumbo langu lilinguruma, lakini kwa bibi hakuna aliyekula kabla mgeni hajaeleza atokako.

"Unatoka wapi?" bibi akamuuliza.

"Bomani."

"Huko umetumwa. Unatoka wapi?"

"Tabora."

"Na mama yako je?"

Nilikereka! Ng'ombe anaondoka, ugali unapoa, naye anapiga soga. Sikujua kwamba aliyepitia miaka ya njaa haulizi hivyo kwa umbea.

Askari akapangusa jasho. Akasema mama yake alizaliwa huku huku Ugogo, mwaka wa njaa akabadilishwa kwa mtama, angali mtoto. Akamtaja jina.

Bibi akamshika askari mkono.

"Huyo ni mdogo wangu," akasema.

Askari aliifungua kamba polepole. Bibi akachukua ugali wangu, wangu mimi, akamwekea mbele. Nikaangua kilio.

"Nyamaza," akanikemea, naye machozi yanamtiririka. "Mwache baba yako mdogo ale. Ametoka mbali."