Tivii ya Chogo ya Bi Saida

Masoud hakuwahi kumwamini mteja. Mtu akimwambia redio imekufa, yeye humnyang'anya redio kwanza, ndipo amsikilize. Mkono wake mwepesi, jicho lake kali, na kibanda chake cha Kerege hakiishi redio na feni za watu. Kwa hiyo ilikuwa adhabu kweli kweli alipojikuta Bagamoyo, ameketi kwenye mkeka ukumbini mwa Bi Saida, haruhusiwi kuiona tivii aliyoitwa kuiunganisha.

Bi Saida alikuwa edani. Mumewe, Mzee Amiri, alifariki muda mfupi baada ya harusi ya binti yao Adila, na mpaka eda iishe mjane haonekani na mwanamume asiye maharimu wake. Pazia la maua liliwatenganisha. Ndani alikuwamo pia mdogo wake Bi Saida, lakini huyo umeme hataki hata kuusikia.

Alilolitaka mjane lilikuwa moja tu: amwone mumewe akicheka tena. Video ya harusi ilikuwa kwenye kompyuta aliyoiacha Adila, ila macho ya Bi Saida yana mtoto wa jicho, na kile kioo kidogo kilimpa vivuli tu. Tivii yake ni kubwa, ya chogo, aliyoinunua marehemu mwenyewe. Ina matundu matatu, njano, nyeupe na nyekundu, na kompyuta za siku hizi hazijui tena habari za matundu hayo. Waya alioleta Masoud mara ya kwanza haukuleta chochote, naye aliona haya, maana alipaswa kujua kwamba waya mtupu haugeuzi picha. Safari hii alikuja na kiboksi cha kugeuzia. Akakisukuma chini ya pazia na nyaya zake, kompyuta akabaki nayo yeye.

“Njano kwa njano, mama.”

“Ngoja niilete puani niione. Haya, imeingia.”

“Unaona nini?”

“Naona harusi imepauka, haina rangi, na picha inacheza cheza.”

Vidole vilimwasha Masoud. Ilibidi aukalie mkono wake usije ukainua pazia la watu.

“Ubavuni mwa kiboksi kuna kidude cha kubadili mfumo wa rangi. Kisukume upande wa pili.”

Mara ndani kukalipuka. “Alhamdulillahi! Nguo ya Adila ya kijani!”

Masoud akatabasamu peke yake. Lakini furaha ya ndani ikakatika ghafla.

“Baba Adila yuko wapi?”

Akatazama kioo chake. Mzee alikuwapo, na kofia yake, ukingoni kabisa kama mpita njia.

“Yupo, mama. Kushoto mwisho.”

“Simwoni, mwanangu. Namwona Adila na mumewe, kisha ubao wa tivii.”

Hapo fundi aliumia. Tivii za chogo humeza kingo za picha, na Mzee Amiri, maskini, alikuwa mtu wa kingoni maisha yake yote, hata msikitini alisali karibu na viatu. Sasa yeye Masoud, mgeni, anamtazama mume wa mtu, na mwenye mume hamwoni.

Akaanza kuipunguza picha kwenye kompyuta, kidogo kidogo, ili kingo ziingie ndani.

“Niambie akitokea, mama. Mimi nafuata maneno yako.”

“Bado. Bado. Ngoja... bega. Bega lake lile! Punguza tena. Kofia! Ndiye, fundi, acha hapo hapo, usimguse!”

Kwenye video mpiga picha alisema, “Mzee, sogea katikati.” Mzee akacheka kwa aibu. “Hapa pananitosha.”

Bi Saida akaangua kilio. Kisha akasema, kwa sauti ya mke aliyechoka kusema, “Sogea basi, Baba Adila. Kila siku hivyo hivyo.”

Masoud akaiacha video ijirudie. Akaigeuza kompyuta, kioo kikaelekea ukutani, akakaa akisikiliza tu.