Bendi Iliyotimua Ng'ombe

Vijana wa siku hizi wanadhani muziki wa makelele wameuanzisha wao. Sisi huku Kharumwa tuliusikia zamani, miaka ile dukani hamna sabuni wala sukari, na ulianzia nyumbani kwangu, nyuma ya zizi, mimi nina mtoto mgongoni.

Aliyeuleta ni mdogo wake mume wangu. Alikwenda kuchimba dhahabu upande wa Geita. Wenzake walirudi na baiskeli, yeye akarudi na gitaa la umeme, redio kaseti, na kanda ya Wazungu wanaoimba kama watu walioingiwa na siafu. Nilimuuliza hao wanalilia nini.

"Hawalii, shemeji. Wamekasirika."

Nikamwambia hata mimi nimekasirika, mbona sipigi gitaa.

Akakusanya wenzake wawili. Mmoja alipiga pipa tupu, mwingine alivuta waya wa breki ya baiskeli aliouwamba kwenye ubao. Gitaa waliliunganisha na redio ili litoe sauti kubwa, redio wakaiunganisha na betri ya trekta bovu. Bendi tulizozoea zilikuwa na tarumbeta na mashati ya kufanana, zinaimba mapenzi. Hawa walivaa kaptura zilizochanika, na wimbo wao ulikuwa na maneno haya tu: "Dukani kuna nini? Dukani kuna muuzaji." Basi. Wanayapigia kelele mpaka koo linakauka. Leo wanaanzia mwisho, kesho wanaanzia katikati, pipa linakwenda kwake na gitaa kwake. Nikiwaambia hampatani, shemeji ananijibu kwamba wanajaribu. Sikuupenda muziki ule. Ila nilijikuta natwanga kwa mdundo wake, nikazidi kukasirika.

Shida ilikuwa baba mkwe. Yeye alikuwa manju, ndiye mtunzi na kiongozi wa gobogobo, ngoma ya majembe, na watu walitoka mpaka Samuye kumsikiliza. Mtu wa namna hiyo, halafu mwanawe anakwaruza gitaa nyuma ya zizi. Akasema pamba ikishavunwa, uwanja utaamua. Kwetu ngoma mbili huchezwa uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila upande unavuta watu, na jua likizama, mwenye watu wengi ameshinda. Vijana wakishindwa, gitaa linarudi machimboni, na mwanawe atashika jembe nyuma yake maisha yake yote.

Shemeji alikubali, kisha utani ukamwisha. Alinikuta napepeta mtama, akauliza kwa sauti ndogo kama watashinda. Nikamwambia hapana. Sikuona sababu ya kumdanganya.

Sasa, ngoma haiendi uwanjani bila dawa ya kuvuta watu. Baba mkwe alikuwa na mganga wake, vijana nao wakamtafuta wa kwao, bibi mmoja wa njia ya kwenda Geita. Akawapa kibuyu cha maji ya dawa, wanyunyizie ngoma zao zote kabla ya kupiga. Bibi wa watu alijua ngoma ni mti na ngozi. Nani alimwambia kuna redio? Wao wakatii. Wakanyunyizia pipa, wakanyunyizia waya, na shemeji, kwa vile alitaka ushindi kuliko wote, maji yaliyobaki akayamimina ndani ya redio.

Siku yenyewe watu wa baba mkwe waliingia na majembe yao, wanayarusha juu na kuyadaka, na umati wote ukawaendea. Upande wetu nilisimama mimi, mtoto wangu na mbuzi wa jirani. Shemeji akagusa nyuzi. Kimya. Akagusa tena, ndipo redio ikalia.

Sijui niseme ililia kama nini. Labda nguruwe akichinjiwa ndani ya pipa. Ng'ombe waliokuwa wanapelekwa kunywa maji walitimka, mikia juu, wakapita katikati ya gobogobo, majembe yakadondoka, na watu wakakimbilia upande pekee usio na ng'ombe, ndio wetu. Redio ikafuka moshi, ikafa. Lakini pipa halikunyamaza, na shemeji akapaza sauti yake mwenyewe, "Dukani kuna nini?" Umati ule wote, ambao haukuwa umeona sabuni tangu masika, ukamjibu. Ukajibu tena. Ng'ombe walikwisha kwenda zao, na hakuna aliyerudi upande wa pili. Hata mwenyekiti wa kijiji alitazama chini, midomo inacheza.

Jua likazama wako palepale. Wazee wakaanza kubishana, wengine wakisema hiyo ni kazi ya ng'ombe, haihesabiwi. Baba mkwe alikuja ana vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Ng'ombe wamewaleta tu," akasema. "Kubaki wamebaki wenyewe. Ng'wanone, mwanangu, gitaa lako kaa nalo."

Mwanawe alikuwa ameishika redio kichwa chini, inachuruzika maji, na macho yake yanachuruzika vilevile.

Baba mkwe akamgeukia mpiga pipa, akamnyang'anya fimbo. "Na wewe una mkono wa kufukuza kuku. Sogea huko." Akakaa yeye.