Vitu Visivyokaa Sakafuni

Chumba cha fundi viatu kilikuwa na sakafu safi kuliko zote mtaani, kwa sababu hapakuwa na kitu juu yake. Kitanda alikiinua kwa matofali. Vingine vyote, sanduku la vifaa, magunia ya ngozi, cherehani ya marehemu mkewe, vilikaa kwenye rafu aliyoipigilia mwenyewe karibu na dari. Alikotoka, mto huingia ndani bila hodi, na ulichokiacha chini hesabu kimekwenda.

Sasa alikuwa amehamia milimani, mji wa mwanawe. Mafuriko huko hawayajui, lakini ardhi yao hutikisika kila mara, nao wameizoea kama mke anavyozoea mkoromo wa mumewe. Vitu vizito wao huviweka chini.

Tetemeko lake la kwanza lilimkuta karakanani. Wenzake waliweka nyundo, wakatoka uani taratibu huku wakiendelea na maongezi yao. Yeye alirukia meza ya kukatia ngozi, amekumbatia viatu vya wateja, akipiga kelele, "Pandeni juu! Pandeni!" Mwili wake ulifundishwa jambo moja tu maisha yote: mambo yakiharibika, panda. Walicheka mpaka wakashikilia mbavu. Tangu siku hiyo akaitwa Paka. Naye alicheka nao, maana angefanyaje, lakini chakula cha mchana akaanza kukila peke yake nyuma ya stoo.

Hayo angeyameza. Lililomkaa kooni lilikuwa jingine. Siku ileile sanduku la vifaa lilidondoka kutoka kwenye rafu, likatua kitandani, palepale anapolala mjukuu wake kila Jumamosi akiletwa kushinda naye. Bahati nzuri ilikuwa Jumatano. Mkwewe, mke wa mwanawe na mzaliwa wa mji ule, alipoliona godoro lilivyochanika hakupandisha hata sauti.

"Baba, unisamehe. Mtoto hatakuja tena hapa mpaka vitu vyote vishuke."

"Si uvishushe tu, Baba," mwanawe akaongeza, akitazama saa. "Kazi iko wapi hapo?"

Mwana huyo alikuwa keshahamia huku wakati wa mafuriko. Aliambiwa mama kachukuliwa na maji, na baba hakuongeza neno.

Jumamosi tatu zikapita. Hakuna namna ya kuzipamba: alifagia, akanunua biskuti, akazila mwenyewe.

Ya nne akapiga moyo konde. Magunia yakashuka. Sanduku likashuka. Mkwewe alipobisha hodi, kamletea nguo alizomfulia, alimkuta kasimama katikati ya chumba amebeba cherehani, jasho linamtiririka.

"Iweke chini, Baba, utaumia."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

Tangu ahamie watu walikuwa wakimwambia la kufanya. Kumuuliza kwa nini, huyu ndiye wa kwanza.

"Hii ilikuwa sakafuni," akasema. "Maji yalipoingia tulikuwa tumeshapanda paani, wote wawili. Mama yenu akasema, 'Cherehani yangu.' Akashuka. Nilimshika mkono, ukaniponyoka. Hii niliipata siku ya tatu, kwenye matope. Yeye siku ya tano."

Mkwewe akaweka nguo kitandani.

"Na mimi nilikucheka, Baba. Waliposimulia habari ya ile meza, nilicheka sana. Nisamehe."

"Hukujua, mwanangu."

"Sikuuliza."

Hakumpokonya. Alishika upande wa pili, wakaishusha pamoja, polepole, mpaka ikagusa simenti. Kisha akafuta macho kwa kanga, akasema Jumamosi ijayo atamleta mtoto asubuhi na mapema.

Alipoondoka, fundi alifurahi, tena alifurahi kweli. Alijua vilevile kwamba mto wenyewe uko safari ya siku mbili kwa basi. Akapanda kitandani, akaitazama cherehani pale chini. Akageukia ukutani. Akageuka tena. Mwishowe akashuka, akakaa sakafuni karibu nayo, isiwe peke yake huko chini.