Bega la Kushoto la Yusto

Katika genge la wabeba mbao wa Kifanya, bega lenye sugu lilikuwa cheti. Mgeni aliyelalamikia ngozi kuchubuka alichekwa wiki nzima. Aliyekomaa alivua shati hadharani hata siku za baridi kali ya Njombe. Ndiyo maana Yusto alipoota kinundu juu ya mtulinga, ule mfupa unaounganisha bega na kifua, hakuna aliyeshtuka.

"Mwenzetu kaota pembe!" alitania Alois, mkubwa wa genge. "Sasa ndiyo umekuwa mbeba mbao."

Yusto alicheka nao. Miaka miwili alitembea na kinundu kile kama nishani, nacho kikazidi kutuna. Pengine hatuna haki ya kumlaumu: ni nani apekuaye asili ya kitu kinachompa heshima? Maumivu yalipoanza kumnyima hata kuinua kikombe cha chai, mkewe Eveline alimkokota hadi hospitali moja ya Makambako, kwa kuwa dada yake aliishi Kitandililo, jirani na mji huo, na wangepata pa kufikia.

Daktari Fidelia, binti ambaye Yusto angeweza kumzaa, alikibonyeza kinundu taratibu.

"Kilianza lini, baba?"

"Ni sugu tu, daktari. Ya mbao."

"Mbao unabebea bega lipi?"

Yusto akapeleka mkono kulia, akapapasa ngozi iliyokakamaa kwa miaka kumi na tisa ya kazi. Mkono ukagandia hapo hapo. Kinundu kilikuwa kushoto.

"Baba Priska," Eveline alinong'ona, "miaka yote hii hukuliona hilo?"

"Na wewe unayenisugua mgongo je?"

Daktari aliwaandikia karatasi ya eksirei.

Picha ya eksirei ilionyesha mfupa uliotanuka, na ndani yake doa lenye ukungu.

"Kingo zake ni laini. Hiyo ni dalili njema," alisema daktari. "Lakini picha peke yake haitoshi kuapia. Tutakata kipande kidogo, kikapimwe Mbeya. Ndipo tutajua kama ni saratani."

Kipande kikakatwa. Majibu yakachukua wiki tatu, na katika wiki hizo Yusto alimzungusha Eveline kwenye shamba lao la miti, mpaka kwa mpaka, bila kusema kwa nini.

"Jirani yetu Sadock akikwambia shamba lake linavuka mti huu wa mlingoti, anakudanganya."

"Nitamwambia akuulize wewe," Eveline alijibu, akatangulia mbele ili asionekane uso.

Siku ya majibu, daktari aliisoma karatasi hadi mwisho kabla ya kuinua macho.

"Si saratani, baba. Sehemu ya mfupa imejaa nyuzinyuzi mahali pa mfupa mgumu. Haisambai, haiui. Ila ni dhaifu. Ukianguka na mzigo, utavunjika. Mbao basi. Na kila miezi sita uje tukupige picha."

"Rudia, daktari."

"Si saratani."

"Tena. Polepole."

Akarudia. Eveline alikuwa amejifunika uso kwa kitenge, sauti ikatokea ndani yake:

"Daktari, na lile la mbao mwambie mara tatu hivyo hivyo."

"Hilo nimelisikia," alisema Yusto. Na kwa mara ya kwanza tangu waingie, akaketi.