Mtoto wa Mwalimu wa Komunio

Jumapili ya tarehe 2 Juni 2024, Tadea Ndunguru aliwapeleka altareni watoto ishirini na mmoja wa kigango chao, karibu na Maguu, wakapokee Komunio ya Kwanza. Yeye ndiye aliyewafundisha. Binti yake, Anjelina, hakuwamo.

Kila Jumamosi Tadea alipokuwa kanisani na watoto wa wenzake, Anjelina alibaki nyumbani kumlea mdogo wake. Mama alisema atamfundisha jioni. Jioni kulikuwa na kuni, ugali na mazoezi ya nyimbo za watoto wa Komunio, kisha usingizi.

Wiki mbili kabla ya Komunio, paroko aliwahoji watoto. Anjelina alitaja sakramenti tatu tu kati ya saba.

“Huyu si wa mwalimu?” paroko aliuliza. Watoto walicheka.

Nyumbani, baba yake, Bernadi, alisema, “Watoto wa watu wamefaulu wote, wetu kafeli.”

“Mama, si wewe uliyesema nibaki?” Anjelina aliuliza.

Tadea alikwenda kwa paroko kuomba apumzike kufundisha.

“Nani atawafundisha, mama?” paroko alimuuliza.

Darasa jipya la Tadea linaanza Jumamosi hii. Kahawa imeiva, Bernadi yuko shambani, na Anjelina atabaki na mtoto.